Jogoo hawiki siku ya nne, shingo ina kasoro: ni kideri au kitu kingine?

MwanaMatungu (#1, Jumamosi saa 1:05 asubuhi)
Hamjambo wafugaji. Niko Matungu, nyumba iko karibu kabisa na miwa. Jogoo wangu Jemadari hajawika tangu Jumatano. Siku zote huanza saa kumi na nusu alfajiri, wa jirani anamjibu, nami naamka kukamua. Alhamisi niliamka kumeshapambazuka na ng'ombe analia. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Dalili ni hizi. Anasimama kando ya ukuta, mabawa yameshuka kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Shingo haina nguvu. Ncha za upanga wake zimekuwa zambarau. Kinyesi ni kijani, majimaji. Chakula hataki, maji anachovya mdomo tu. Nikimpapasa kifuani mfupa wa kidari umechongoka kama kisu. Jana nilimpima kwa mizani ya kuning'iniza, kilo 2.1. Mwezi wa nne alikuwa kilo 2.7.

Ana miaka mitatu. Aliangulwa jikoni kwa kukhu (bibi) yangu, na kukhu hayupo tena, kwa hiyo naomba tusizungumzie kisu. Mitetea 11 na vifaranga wote ni wazima. Daktari wa mifugo wa kaunti ndogo ameahidi kupita Jumatatu. Je, ni kideri? Na nimfanyie nini hapa nyumbani hadi Jumatatu?

Kuku_Chwele (#2, saa 1:20)
Pole. Kinyesi kijani, mabawa chini, shingo: hicho ni kideri, usizunguke. Mimi nanunua na kuuza kuku kila wiki, nimeona mamia. Mchinje leo angalau upate supu, kesho utazika.

DadaLuanda (#3, saa 1:31)
Chwele, soma mpaka mwisho kabla ya kunoa kisu, mwenyewe ameomba. Halafu hata ingekuwa kideri, kumchinja uani na kumwaga maji ya manyoya ni kusambaza virusi kwa mitetea 11 na kwa boma la jirani.

Agroveti_Mstaafu (#4, saa 1:58)
Nilikaa miaka 19 nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Walioniletea kuku mgonjwa karibu wote waliuliza dawa gani, na wachache mno walikuwa wamempa maji. Kuku asiyekunywa siku mbili anaweza kufa kwa kiu kabla ugonjwa wenyewe haujammaliza.

Mtenge kwanza, mahali pakavu, penye kivuli, mbali na wenzake. Chemsha maji lita 1, yapoe, tia sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Chukua sirinji isiyo na sindano. Usimpanue mdomo ukamiminia ndani, kwa sababu tundu la hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi na maji yataingia mapafuni. Weka tone moja pembeni mwa mdomo, pale juu na chini zinapokutana. Atatikisa kichwa, kisha utaona koo inapanda na kushuka. Hapo amemeza. Tone lingine. Mililita 5 zikiisha mwache, rudi baada ya saa moja.

Sasa nijibu matatu: alichanjwa lini? Alfajiri, kabla hajala, gole lake (mfuko wa chakula chini ya shingo) lina kitu au ni tupu? Na shingo imelegea au imepinda? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

NyarSeme (#5, saa 2:15)
Huku Seme tunaponda shubiri na pilipili kichaa, tunatia kwenye maji. Mama yangu ameponya wengi. Na maji ya chumvi, kijiko kikubwa kimoja.

Agroveti_Mstaafu (#6, saa 2:22)
Dada, kijiko kikubwa hapana! Chumvi nyingi ni sumu kwa kuku, itaongeza kuhara. Nusu kijiko cha chai kwa lita nzima, basi.

Mzee_Molo (#7, saa 2:40)
Pilipili haimdhuru, ndege hawahisi ukali wake kama sisi. Lakini sijaona ikiua virusi. Mimi ningeanza na joto. Huku Molo mwezi huu wa saba baridi inaua kuku aliyedhoofika kuliko ugonjwa. Jogoo mzima joto lake ni kama nyuzi 41, mgonjwa asiyekula hawezi kulishikilia. Nawaweka kwenye katoni yenye gunia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja tu, ili akisikia joto limezidi asogee.

MwanaMatungu (#8, saa 4:10)
Asanteni. Amemeza sirinji mbili. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka ile ya kwanza, ya pili alianza kufungua mdomo mwenyewe. Yuko jikoni kwenye katoni, karibu na jiko la kuni.

Majibu kwa mzee wa agroveti. Gole alfajiri lilikuwa laini, tupu. Shingo naona imelegea, kichwa kinaelekea chini. Chanjo: tulichanja wote mwezi wa nne, tone moja la jicho. Isipokuwa yeye. Jemadari hulala juu ya mti wa avokado, hajawahi kulala bandani. Usiku ule wa chanjo tulimtafuta kwa tochi, akaruka tawi la juu, mtoto akashindwa kumfikia, nami nikasema basi, kesho. Kesho hiyo haikufika.

Kuku_Chwele (#9, saa 4:18)
Si nilisema? Mmoja tu hana chanjo, mmoja tu anaumwa. Kesi imeisha.

FundiBanda (#10, saa 4:45)
Haijaisha. Kuku wa kienyeji asiye na chanjo akipata kideri kikali hakai siku nne amesimama. Kwetu Bahati mwaka juzi kilipita, asubuhi moja walikuwa kuku 34, Ijumaa wakabaki wawili. Tena kinyesi kijani si ushahidi peke yake. Kuku yeyote asiyekula siku mbili tatu atatoa kijani, ni nyongo inashuka bila chakula cha kuifuata.

Mimi nauliza juu ya huo mti. Majani ya avokado na ganda lake yana sumu kwa ndege. Labda amedonoa.

NyarSeme (#11, saa 5:02)
Fundi, kuku wa Nyanza nzima wanalala kwenye miti ya avokado na wanakula yaliyoanguka. Wangekwisha wote.

FundiBanda (#12, saa 5:06)
Kweli kuku huvumilia kuliko kasuku. Bado nisingempa mgonjwa.

DadaLuanda (#13, saa 5:30)
Mimi hilo neno "imelegea" ndilo limenishtua. Mwaka 2019 mbwa alifia kwenye kichaka nyuma ya choo chetu, hatukujua. Kuku wakala funza wa ule mzoga. Jioni watatu walikuwa wameweka kichwa chini kabisa, shingo kama kamba iliyolowa, macho yanafumba nusu. Ukivuta unyoya unatoka bila nguvu. Mtaalamu mmoja alitueleza kwamba mzoga unazalisha sumu ya botulini, funza hawadhuriki nayo ila wanaibeba, kuku akiwala misuli inapooza kuanzia miguu na mabawa hadi shingo. Wawili walikufa. Wa tatu nilimpa maji hivyo hivyo kwa matone, akavuka siku ya pili, ya tano akasimama.

MwanaMatungu, tembea kwenye miwa. Fuata pua.

Mwanza_Mfugaji (#14, saa 7:15 mchana)
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Kideri huku wengine tunaita mdondo. Jina lake la Kiingereza, Newcastle, limetoka kwenye mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, kilikotambuliwa mwaka 1926, ingawa mwaka huo huo kilikuwa tayari kinaua kuku Java. Tiba hakuna, ni virusi. Antibayotiki ukimpa inazuia tu bakteria wanaokuja kumalizia kazi. Kutoka kuambukizwa hadi dalili ni siku 2 hadi 15, kwa hiyo kusema mitetea ni wazima leo hakumaanishi kitu bado. Na tafadhali nawa mikono kabla ya kugusa jicho, virusi vya kideri vinaleta jicho jekundu kwa binadamu.

Mzee_Molo (#15, saa 7:40)
Swali dogo kwa mwenye uzi. Vifaranga wako wana umri gani, na umewapa dawa yoyote karibuni?

MwanaMatungu (#16, saa 11:50 jioni)
Nimetoka kwenye miwa. Dada wa Luanda, pua haikukosea. Kama hatua 60 kutoka bandani kuna paka amekufa, amebaki ngozi, na funza wapo. Kuna alama za makucha ya kuku kwenye udongo pale. Nimemfukia shimo refu kama mkono wangu na nimemwaga majivu juu.

Mzee, vifaranga wana wiki 5. Walianza kuhara damu, nikanunua amproliamu, nikatia kwenye maji ya kunywa. Nimewapa kama wiki mbili sasa, maana muuzaji hakuniambia niache lini. Chombo ni kimoja, Jemadari naye anakunywa hapo hapo. Kwa nini unauliza?

Mzee_Molo (#17, saa 12:20 jioni)
Nauliza kwa sababu hilo lilinipata mimi, na nililia. Amproliamu inaua vijidudu vya kuhara damu kwa kujifanya vitamini B1. Kijidudu kinaipokea kikidhani ni vitamini, kinakufa njaa. Lakini ukizidisha kipimo au siku, kuku mwenyewe naye anakosa B1. Dalili yake ya kwanza ni kukataa kula, halafu miguu, halafu shingo inajikunja kichwa kinaangalia juu kama anayehesabu nyota. Jogoo wangu mwekundu alikuwa hivyo. Nilidhani kideri, nikamwacha afe. Siku ya saba kijana mmoja aliyesomea mifugo pale Egerton, Njoro, alipita, akampa vitamini B kwa matone, na kabla ya jioni akawa anajaribu kusimama. Alikufa usiku huo, nilikuwa nimechelewa.

Acha hiyo dawa leo. Nunua vitamini B za kuku.

Agroveti_Mstaafu (#18, saa 12:41)
Mzee amesema sawa. Kipimo cha matibabu ni siku 5 hadi 7 hivi, kisha kinapunguzwa. Wiki mbili za kipimo kamili ni nyingi. Lakini mbona vifaranga waliokunywa zaidi yake hawajaumwa? Mimi bado naegemea sumu ya funza.

Kuku_Chwele (#19, saa 1:05 usiku)
Nami kideri.

NyarSeme (#20, saa 1:30)
Na mimi nauliza, hakupigana? Thuon gweno (jogoo) wangu alipigwa na wa jirani kichwani, akazunguka duara siku tatu. Mtazame nyuma ya upanga kama kuna damu iliyokauka.

MwanaMatungu (#21, Jumapili saa 12:30 asubuhi)
Habari za asubuhi. Amelala hai. Nyuma ya upanga kuna kovu dogo, la zamani nadhani.

Kitu kimebadilika na sijui nifurahi au niogope. Shingo si legevu tena, sasa IMEPINDA. Kichwa kinageuka kulia mpaka jicho moja linatazama dari. Akitaka kutembea anarudi kinyumenyume hatua tatu, anakaa. Lakini mwili una nguvu kuliko jana, amenisukuma mkono. Usiku nilimpa maji saa nne, saa saba na saa kumi. Mke wangu alimpa zamu ya saa saba, kumbe naye anampenda, hakuwahi kusema.

Nimempa vitamini B jana saa mbili usiku na leo asubuhi.

DadaLuanda (#22, saa 12:55)
Basi nakubali, wangu hawakupinda hata siku moja. Ila funza usiwadharau, huenda ni vitu viwili kwa pamoja.

Mwanza_Mfugaji (#23, saa 1:10)
Kupinda kunakokuja baada ya siku kadhaa, huku kuku akiendelea kuishi, ndiko nilikokuona kwa waliopona kideri. Virusi vinapita tumboni, vinaacha alama kwenye mishipa ya fahamu. Wengine hunyooka baada ya wiki nyingi, wengine hubaki hivyo maisha yao yote na wanapanda mitetea vizuri tu.

Mzee_Molo (#24, saa 1:18)
Na kupinda hivyo ndiko nilikokuona mimi kwa kukosa B1. Kuku hasemi.

FundiBanda (#25, saa 2:00)
Chakula gani sasa? Usimlazimishe mahindi mazima. Uji mwepesi wa wimbi, vuguvugu, na kiini cha yai lililochemshwa kikipondwa humo. Maziwa mabichi hapana, kuku hawezi kuyasaga vizuri, mala kidogo sawa. Na kagua mahindi unayowapa wote. Yakiwa na ukungu wa kijani au ya kuvunda ghalani, sumu yake inakula ini polepole, kuku anakonda bila sababu. Kilo 0.6 si kidogo.

JiraniKondele (#26, saa 3:25)
Samahani kuingilia. Mimi jogoo wangu ana vinundu vyeusi usoni. Ni huo huo?

NyarSeme (#27, saa 3:31)
Hiyo ni ndui ya kuku, omera, inaletwa na mbu. Paka iodini kwenye vidonda, mpe sukuma wiki na mahindi ya njano, macho yasifungwe na usaha. Mahindi meupe tunayokula hayana ile rangi inayotengeneza vitamini A. Fungua uzi wako tukusaidie, hapa tuna mgonjwa.

MwanaMatungu (#28, Jumatatu saa 10:15 jioni)
Daktari amekuja, mtu mpole sana. Alimtazama nusu saa. Amesema kwa macho hawezi kuapa: kideri kisicho kikali, upungufu wa B1, vyote vinafanana hapo vilipofika. Kujua hasa ni maabara, na akifa nimpeleke mapema akiwa kwenye barafu bila kugandishwa, maabara ya uchunguzi wa mifugo iko Eldoret. Mpaka hapo tumchukulie kama ana kideri: nisimchanje yeye, atengwe zaidi ya wiki mbili, anayemhudumia abadilishe viatu, na mitetea warudiwe chanjo kwa sababu miezi mitatu imetimia. Ameniongezea vitamini na amekataza amproliamu.

Shida ya chanjo mnaijua. Chupa ndogo niliyopata ni ya kuku 100, nami nina 11 na vifaranga, na ikishachanganywa haifiki kesho. Nimezungukia nyumba tano za hapa, tumepata kuku 83. Jumatano usiku tunachanja.

Agroveti_Mstaafu (#29, saa 11:00)
Hapo umefanya kazi. Chupa ibebwe kwenye barafu kutoka dukani, isikae juani hata dakika kumi. Tone liingie jichoni, subiri apepese, ndipo umwachie.

MwanaMatungu (#30, Jumapili iliyofuata saa 1:00 asubuhi)
Wadau, siku ya kumi na mbili tangu anyamaze. Kilo 2.25.

Anakula mwenyewe, ila kwa sababu kichwa kimeegemea kulia, anadonoa udongo upana wa kidole kando ya punje. Anadonoa, anatazama, punje bado ipo, anadonoa tena palepale. Nilimtazama mpaka nikashindwa. Sasa namwekea uji mzito na mahindi yaliyopondwa kwenye bakuli lenye kina, nimelijaza hadi nusu, hata akikosea anaangukia chakula. Jana alimaliza lote.

Leo alfajiri, saa kumi na moja kasoro, akiwa kule jikoni, amewika. Si ile sauti. Ilianza vizuri ikakatika katikati, kama mlango ulioshikwa. Akajaribu tena. Nilikaa kitandani nikisikiliza, mke wangu akanishika mkono.

DadaLuanda (#31, saa 1:09)
Asante Mungu. Nimesoma hii nikiwa kwenye matatu, nimefurahi sana.

Mzee_Molo (#32, saa 1:15)
B1 hiyo.

Mwanza_Mfugaji (#33, saa 1:16)
Mzee wangu, aliyepona kideri naye hupona hivyo hivyo.

NyarSeme (#34, saa 1:22)
Wa jirani alimjibu?

MwanaMatungu (#35, saa 1:40)
Hakujibu. Nimeenda kuuliza sasa hivi. Kumbe walimuuza sokoni wiki mbili zilizopita, siku moja kabla wangu hajanyamaza. Mtoto wao anasema alikuwa ameanza kusinzia mchana na mabawa yameshuka, baba yake akaona auze mapema. Na nyumba ile haikuwa kwenye zile tano.

Agroveti_Mstaafu (#36, saa 1:44)
Rudi ukaulize kama wamebaki na wengine, na wako vipi. Simama langoni, usiingie bandani kwao na viatu hivyo.

Kuku_Chwele (#37, saa 1:47)
Soko gani, na siku gani? Mimi hununua upande huo.